Nguo Nyeupe za Mzee Waithaka

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Nasema mapema ili usihangaike kumtafuta mwingine humu ndani. Wapo waliorusha mawe, yupo aliyekuja na tairi, yupo na afande aliyeniandikia maneno nisiyoyasema. Lakini aliyeanza ni mimi, Nyongesa, kinyozi wa Karagita, kwa mdomo huu huu ninaoulia ugali.

Nilifika Naivasha kutoka Bungoma nikiwa na miaka kumi na tisa. Kazi ya maua nikafukuzwa mara mbili. Nikachuuza samaki wa ufuo wa Kamere, barafu ikayeyuka, biashara ikanuka. Nikalala mahabusu wiki mbili kwa ajili ya baiskeli ya wenyewe, ambayo hata breki haikuwa nayo. Katika kuzungushwa huko kote nilijifunza kwamba mtu ukimchekesha, hakupigi haraka. Basi nikafungua kibanda cha kinyozi. Kunyoa najua wastani tu. Watu huja kucheka.

Tunaishi kwenye ploti ya vyumba ishirini na mfereji mmoja, mimi na mke wangu Truphosa, ambaye huchuma waridi kwenye shamba la maua. Vyumba viwili vya mwisho, karibu na ua wa miiba, anakaa Mzee Waithaka na binti yake Wamuyu na mjukuu wake Becky, msichana wa miaka tisa. Mzee alifundisha historia huko Kinangop miaka thelathini. Mkewe alipofariki akashuka kuishi na Wamuyu, ambaye hupakia maua shamba lile lile la mke wangu.

Sasa, hawa watu ni Wayahudi. Si Wasabato. Hata mimi nilianza na hilo swali, na Mzee akanijibu kwa subira ya mtu aliyewahi kufundisha kidato cha pili mchana baada ya chakula. Akasema huko juu milimani ziko familia chache zilizotoka makanisani miaka mingi iliyopita, zikajifunza Kiebrania herufi kwa herufi, zikaacha Krismasi, zikashika Jumamosi. Ijumaa jua likizama unaona mishumaa miwili dirishani kwao. Kwangu mimi hiyo ilikuwa riziki.

"Shalom, Mzee!" nilikuwa nikimpigia kelele kila asubuhi. "Tunahamia Yerusalemu lini nikubebee godoro?"

"Tangulia wewe," ananijibu, "ukawazoeshe kelele."

Alikuwa anauweza utani. Ndiyo maana sikujua kipimo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu ya mwisho wa Septemba, mwaka ule wa zile habari za Pwani. Unazikumbuka. Tangu Aprili kila jioni runinga ilikuwa inatuonyesha msitu, watu wenye barakoa na sepetu, na waumini waliofundishwa kufunga mpaka wafe, na watoto wao kwanza. Karagita yote ilitazama. Kanisa lolote lenye watu chini ya hamsini likaanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni, na wachungaji wengine wakawa wanakula mandazi hadharani ili waonekane.

Jumapili jioni walifika wageni sita kwa Mzee, wanaume watatu na wanawake watatu, kutoka Gilgil na Kinangop. Jumatatu saa moja nikitoka kwenda kazini nikamkuta Mzee mlangoni kwake amevaa kanzu nyeupe kutoka shingoni hadi miguuni, na patipati za mpira.

"Leo chai hakuna kwenu?" nikamuuliza. "Sioni moshi."

"Leo ni Siku ya Upatanisho. Hatuli, hatunywi, hatuwashi moto, mpaka nyota zionekane."

"Hata maji?"

"Hata maji. Na ngozi hatuvai. Ndiyo unaniona na patipati."

"Na hii gauni, Mzee? Umependeza, lakini umependeza vibaya."

Akacheka. Ualimu ukamshika, akaanza kunifafanulia. "Hii ndiyo nitakayozikwa nayo. Siku ya leo mtu anasimama mbele za Mungu kama aliyekwisha kufa. Anasema aliyokosa, anaomba msamaha, jioni anaanza upya."

Mtu mwenye akili angesema "haya, Mzee, siku njema." Mimi nilitembea mpaka kibandani nikitabasamu peke yangu, kama mtu aliyeokota noti.

Mteja wa kwanza alikuwa Ooko, muuza samaki wa Kamere, mtu wa sauti kubwa. Alikaa, nikamfunga kitambaa shingoni.

"Niaje, Nyongesa. Kwenu ploti kuko aje?"

"Kwetu?" nikasema. "Kwetu wale Wayahudi wamevaa sanda tangu asubuhi. Hawali, hawanywi, wameketi wanangoja gari la mochari. Wamewarahisishia watu kazi, hata kuvishwa hawatavishwa."

Ooko akacheka mpaka nikainua mashine nisimkate sikio. Halafu akanitazama kwenye kioo. "Na ule mtoto wao?"

Hapo ndipo. Nikitaka kuhesabu dakika za maisha yangu ambazo ningelipa nirudishiwe, naanza na hiyo.

"Mtoto naye anaenda," nikasema. "Yeye ni nusu nauli."

Ooko hakucheka. Alijifungua kitambaa mwenyewe, akatoka hata sijampaka spiriti. Nikadhani ana haraka ya samaki.

Saa saba mchana Kipketer, mwendesha boda wa kona yetu, akasimamisha pikipiki mlangoni bila kuzima. "Boss, umesikia? Pale kwenu kuna kanisa limeua watoto wawili. Wamezikwa chini ya kitanda."

"Nani amesema?"

"Kuna kinyozi fulani aliona kwa macho yake."

Mashine ilikuwa inanguruma mkononi mwangu na sikuwa na kichwa cha mtu mbele yangu. Niliizima. Nikampigia Truphosa, na simu ikasema mteja hapatikani. Shambani kwao simu huachwa langoni. Siku hiyo walikuwa wameingia saa nne kwa sababu Jumapili walifanya kazi mpaka jioni, na hawangetoka kabla ya saa kumi na moja. Nikafunga kibanda nikakimbia.

Njiani niliona watu wamesimama vikundi vikundi. Siku ya kazi, mchana, jua kali, na hakuna aliyekuwa akiuza wala kununua. Mama mmoja wa mboga alinitazama akamvuta mtoto wake karibu.

Kwa Mzee walikuwa wamejaa kwenye chumba cha mbele, wote weupe, wanasoma kwa sauti ya chini, wanajipiga kifua polepole kwa ngumi. Becky naye alikuwa amevaa gauni jeupe, amekaa mkekani karibu na mama yake. Mzee alikuja mlangoni. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Umekuja kutuona? Karibu. Funika kichwa tu." Akanipa kofia ndogo ya duara, nyeupe, kutoka kwenye kisanduku.

Nilikuwa nimekuja kumwambia akimbie. Lakini woga ukinishika, mimi mdomo ndio hutangulia. Nikaivaa kofia upande, nikasema, "Sasa nafanana na nani, Mzee? Haruni?" Na kabla sijavuta pumzi ya kusema la maana, nikasikia filimbi.

Polisi walikuwa watatu. Nyuma yao watu labda arobaini, na wengine wanaongezeka. Aliyeongoza ni Sajenti Kiptanui, mtu mrefu, mpole wa kawaida, ambaye nilikuwa nikimnyoa kila mwisho wa mwezi. Aliangalia zile nguo nyeupe, moja baada ya nyingine.

"Watoto wako wangapi hapa?"

"Ni huyu mmoja," Wamuyu akasema, akasimama. "Binti yangu."

"Leo ni Jumatatu. Mbona hayuko shule?"

"Ni sikukuu yetu, afande."

Watu mlangoni wakaguna. Kiptanui akachuchumaa mbele ya mtoto. "Mami, umekula leo?"

Becky akainua kidevu. "Sijakula. Nimefunga kama guka," akasema, akimwonyesha babu yake kwa kidole.

Sijui kama umewahi kusikia watu arobaini wakivuta pumzi pamoja. Wamuyu alimgeukia. "Becky! Si nilikuachia chakula kwa Truphosa? Hukuenda?"

"Nilienda. Sikula."

"Watoto hatuwafungishi," Mzee akasema. "Afande, sikiliza. Mtoto wa umri huu sheria yetu yenyewe haimruhusu kufunga siku nzima. Chakula kilipikwa jana, ili jirani apashe moto ampe, kwa sababu sisi leo—"

"Mtoto amesema hajala, Mzee."

"Becky," Wamuyu alisema tena, taratibu, "sema ukweli. Ulikula?"

Mtoto alimtazama babu yake, kisha watu, kisha babu yake tena. "Sikula, mama." Wamuyu akakaa mkekani, akamvuta karibu.

"Wote twendeni," Kiptanui akasema. Nikamwambia afande, mimi si mmoja wao, mimi ni jirani, unanijua. Akaitazama kofia kichwani mwangu. "Wote," akasema.

Kutoka ploti mpaka kituoni si mwendo mrefu. Ni kituo kidogo tu kando ya barabara, ofisi ya mabati na seli ya mawe. Siku hiyo ilikuwa safari. Walianza kwa matusi, wakaendelea kwa mabua ya mahindi, kisha kokoto. Jiwe moja lilinipata begani, na nilipogeuka nikamwona aliyelirusha. Nilimtambua kwa ule mstari niliomchonga kichwani Jumamosi. Nilitaka kumtania. Likaja jingine, nikainamisha kichwa.

Wanaume tulitiwa seli, sisi watano. Wanawake na Becky wakawekwa ofisini, kwenye benchi. Nje sauti ziliongezeka kama mvua inayokuja kutoka mlima Longonot, unaisikia kabla haijakufikia. Kila baada ya muda jiwe lilianguka juu ya bati, likabiringika, likadondoka. Wale wageni watatu waliendelea kusali. Mmoja alikuwa kijana, na meno yake yalikuwa yakigongana katikati ya maneno ya Kiebrania.

Ilipokaribia saa kumi na moja nikaitwa mezani.

"Nyongesa," Kiptanui akasema, kwa sauti ya chini. "Wewe si wa hao. Najua."

"Si wa hao kabisa, afande. Mimi Mkristo, hata kwaya nimeimba. Sauti ya tatu." Kofia nilikuwa nimeshaitia mfukoni. Ofisi ile ni ndogo. Wamuyu alikuwa akinisikia.

"Basi nisaidie nikusaidie." Akasukuma karatasi mbele yangu. Alikuwa ameshaiandika. Mimi Nyongesa, jirani, nimeona kwa macho yangu watu hawa wakimnyima chakula mtoto Becky, tangu jana, kwa sababu ya dini yao. Palikuwa na mstari mtupu chini. "Tia sahihi. Unatoka na mlango wa nyuma, na pikipiki iko tayari. Hawa wanalala hapa, kesho wanaenda kotini Nakuru. Mtoto anachukuliwa leo leo, anapelekwa makao ya watoto."

Nikamsikia Wamuyu akitoa sauti. Haikuwa neno.

"Afande, mimi sikuona."

"Nyongesa, tuko askari watatu na bunduki mbili. Gari iko Naivasha, haijulikani itafika saa ngapi. Nje wako watu mia mbili." Akaelekeza kalamu mlangoni. "Nikitoka na karatasi yenye jina la mtu, naweza kuwaambia sheria imeshika kazi, nendeni nyumbani. Nikitoka mikono mitupu nitawaambia nini? Nenda ufikirie. Dakika kumi." Akanipa karatasi na kalamu, nikarudishwa seli.

Nitakuambia ukweli, nilikuwa nitie sahihi. Niliketi nikaiweka karatasi gotini. Nilijiambia: yeye mwenyewe mtoto amesema hajala, kwa hiyo si uongo mkubwa. Nilijiambia: watafika kotini, hakimu ataelewa. Ukiwa na woga unakuwa wakili mzuri sana.

Mzee Waithaka alikuwa amekaa mkabala nami, mgongo ukutani. Hakuuliza karatasi ni ya nini. "Nyongesa," akasema, "nimewahi kukuambia habari za Lincoln?"

"Mzee, si saa ya historia."

"Ni mji, kule Uingereza. Mwaka elfu moja mia mbili hamsini na tano. Mtoto wa kiume alipotea. Miaka minane, tisa hivi. Wakamtafuta, wakamkuta amekufa kisimani." Aliongea polepole, ulimi ukishikana na meno kwa kiu. "Siku hizo Wayahudi wa miji mingine walikuwa wamekuja Lincoln kwa harusi. Wageni wengi, nguo za sherehe, nyimbo ambazo watu hawazielewi. Basi ikasemwa hawakuja harusi. Walikuja kwa ajili ya mtoto."

Jiwe likapiga bati. Kijana aliyekuwa akisali aliruka.

"Wakamkamata mmoja, anaitwa Copin. Bwana mkubwa wa mfalme akamwambia: sema ninyi ndio mliofanya, na mimi nitakulinda, hutaguswa. Copin aliogopa. Nani hangeogopa? Akasema yote waliyotaka kusikia. Akasema ni desturi yetu, tunafanya kila mwaka."

"Akaachiliwa?"

"Mfalme alipofika hakuitambua ile ahadi. Copin akafungwa nyuma ya farasi, akaburutwa mjini, akanyongwa. Na kwa maneno yake wakachukuliwa Wayahudi kama tisini, wakapelekwa London, wakafungiwa ndani ya Mnara, ngome ya mfalme. Kumi na wanane wakanyongwa. Hao kumi na wanane walikuwa wamesema tu kwamba baraza la kuwahukumu lisiwe la Wakristo peke yao. Waliobaki walikaa humo miezi, hawajui kila asubuhi mlango ukifunguliwa ni wa chakula au wa kamba." Akajifuta midomo kwa mkono wa kanzu. "Nilikuwa nikifundisha hayo wanafunzi wakilala. Mimi mwenyewe nilikuwa Mpresbiteri wakati huo. Sikujua ni habari za jamaa zangu."

"Na wewe Mzee unanihadithia haya saa hii ya nini?"

"Kwa sababu kalamu iko kwako."

Nilikasirika. Nilitaka anililie, anipigie magoti, anitukane hata, ili nipate sababu. "Mzee, nje wana tairi! Nimeiona! Wewe unataka nichomwe na ninyi kwa ajili ya mambo ya Uingereza? Mimi nina mke!"

"Mimi nina mjukuu," akasema. "Akiingia kwenye hiyo nyumba ya watoto leo, kumtoa itanichukua miezi. Na mimi nina miaka sabini na nne." Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Ninachoogopa si karatasi yako, Nyongesa. Naogopa kweli hajala. Ni mtoto mwenye kiburi kama bibi yake. Sijui nilimwonyesha nini mpaka akataka kunifuata hivyo."

Nje mtu alikuwa akipaza sauti: petroli, leteni petroli. Ilikuwa sauti ya Ooko. Nilijua kwa sababu asubuhi ilikuwa ikicheka kwenye kiti changu.

Ndipo nikamwambia Mzee. Nilimwambia habari ya gari la mochari na ya nusu nauli. Nilitazama sakafu nikisema. Wale wageni waliacha kusali. Mzee aliikunja kanzu magotini, mkunjo kwa mkunjo.

"Basi ni heri ukamwambie Sajenti," akasema mwishowe. "Mimi umeshaniambia."

Mlango ukafunguliwa. Nilitoka na karatasi isiyo na sahihi. Nikaiweka mezani.

"Afande, sikuona kitu," nikasema. "Wala hakuna aliyeona. Ni mimi niliyesema kwenye kibanda, kwa mzaha, na Ooko akabeba. Yule kinyozi aliyeona kwa macho, ndiye mimi. Na sikuona."

Kiptanui alinyoosha mkono kama anayetaka kunipiga, kisha akasahau. Wamuyu naye alinitazama kutoka benchini. Sitakuelezea macho yake.

"Wewe?" Kiptanui akasema. "Wewe ndiye umeniletea haya?" Akanishika ukosi. "Basi hutoki na mlango wa nyuma. Twende ukawaambie wenyewe."

Nilimwomba. Nilishika meza. Askari mmoja akanibandua vidole, na tukatoka mpaka langoni. Lango lenyewe ni fremu ya chuma na waya. Upande wa pili kulikuwa na nyuso, nyingi nikizijua kwa visogo. Tairi lilikuwa limelazwa chini mbele kabisa, na mtu ameketi juu yake kama kiti.

"Huyu ana neno," Kiptanui akasema.

Nilishika waya wa lango kwa mikono miwili. Kisha nikasema, kwa sauti iliyotoka nyembamba, kwamba hakuna mtoto aliyekufa, hakuna aliyezikwa, nilisema utani na nilikuwa mjinga, tafadhali nendeni nyumbani.

"Uongo!" Ooko akapiga kelele. "Asubuhi uliniambia wamevaa sanda! Na kweli wamevaa! Uliniambia mtoto anaenda! Na mtoto amesema hajala! Sasa wamekuhonga!"

"Na kofia yao ulikuwa umevaa!" mwingine akasema.

"Atoke huyo! Atoke wa kwanza!"

Jiwe lilinipata juu ya jicho. Niliona nyeupe, kisha nikahisi joto likishuka shavuni. Lango lilianza kutikiswa. Kiptanui akaondoa bunduki begani, na nikasikia akinong'ona kitu kwa Kikalenjin, nadhani ni sala.

"Nani amempiga mume wangu?"

Watu waligeuka. Truphosa alikuwa akipita katikati yao na gambuti za shamba na ile koti ya kijani, akisukuma kwa viwiko. Nyuma yake barabarani basi la shamba lilikuwa likishusha wanawake wengine. "Nauliza nani amempiga. Hiyo kazi ina mwenyewe."

Mtu mmoja akacheka, bila kupenda. Lango likaacha kutikiswa.

"Mathe, rudi nyuma," Ooko akasema. "Hujui kilichotokea."

"Nimeambiwa kwa basi. Ati mtoto wa Wamuyu ameuawa kwa njaa. Sasa yule ni nani?"

Wote tukatazama. Becky alikuwa mlangoni pa ofisi na gauni lake jeupe, ameshikwa mkono na mama yake.

"Hajauawa bado," Ooko akasema. "Lakini hajalishwa tangu jana. Anauawa polepole."

"Ooko, huyo mtoto alikuwa kwangu saa tatu asubuhi. Wamuyu aliniachia sufuria ya maharagwe na chapati, nikapasha, nikamwekea. Sufuria iko kwangu haijaoshwa. Mwende mwone."

"Unamtetea bwana yako."

"Huyu?" Truphosa akanitazama, damu na yote. "Huyu nitaongea naye nyumbani."

Kiptanui akainua mkono. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuamini na anaogopa kuamini. "Mama, sufuria inaweza kuwa chafu kwa sababu yoyote. Mimi siwezi kuwaambia watu hawa sufuria. Mtoto ameulizwa mara tatu. Mbele ya mama yake, mbele ya babu yake, na tena hapa ofisini. Mara tatu amesema hajala. Mtoto mwenyewe. Nimwamini nani, wewe ama yeye?"

Watu wakaguna kukubali. Truphosa alisogea mpaka kwenye waya. Alimtazama Becky, na Becky akashusha kichwa akaanza kuchora chini kwa ncha ya patipati.

"Alikula sahani mbili, afande," Truphosa akasema, "halafu akanishika mkono, akaniapisha nisimwambie guka yake, kwa sababu anataka guka amwone amekuwa mtu mzima. Nami nikamwahidi. Sasa umenifanya nimtoe siri yake mbele ya Karagita nzima. Muombe msamaha, kisha umfungulie mzee wake."